Sukari ya Meneja

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo, na leo hii hii tumempeleka Meneja kupasuliwa.

Meneja ni paka. Jina alipewa na Mama Mdogo, kwa sababu tangu aletwe kwenye karakana yetu ya makochi kazi yake imekuwa kulala kwenye kiti cha ofisini na kuwatazama wenzake wakitoka jasho. Mama Mdogo alifariki mwaka jana. Kabla ya kwenda hospitali mara ya mwisho aliniita pembeni akaniambia, "Baba yako mdogo atajifanya hamtaki. Usimsikilize. Niangalizie Meneja." Nikaitikia bila kufikiri, kama mtu anavyoitikia mgonjwa. Sasa Meneja amezeeka, ana kisukari, ana uvimbe shingoni na meno yameoza. Ahadi ni deni, na mdai wangu yuko kaburini.

Daktari wa mifugo alisema uvimbe na meno vitolewe siku moja, maana kumpiga nusukaputi mara mbili paka mwenye sukari ni kumjaribu Mungu mara mbili. Baba Mdogo hakuja kumuaga. Alikuwa anapigilia misumari kwenye fremu, akasema bila kuinua uso, "Paka ni paka."

Mtu aliyeishi na mkewe miaka yote ile, halafu hiki ndicho anachokisema.

Jumanne, 4 Machi

Amerudi mzima. Shingoni ana nyuzi nyeusi, magego yote hayapo, ulimi unamchungulia kwa upande kama mzee aliyesahau meno ya bandia. Nilicheka, kisha nikalia, kisha nikasikiliza maagizo.

"Kwanza ale, ndipo umdunge insulini," alisema daktari. "Hajala, usimdunge. Na asile kitu kingine zaidi ya chakula chake, hata punje. Meno mabovu ndiyo yaliyokuwa yanaipandisha sukari. Sasa yametoka, itashuka yenyewe pole pole, na mimi nitapunguza dawa kadiri inavyoshuka. Wewe kazi yako ni kupima na kuniambia ukweli."

Anataka kipimo kikae kati ya sita na kumi na tatu. Juu ya ishirini ni hatari ya polepole. Chini ya nne ni hatari ya haraka. Mashine tunayotumia ni ile ile ya Mama Mdogo, maana naye alikuwa mgonjwa wa sukari. Nilipoitoa kabatini Baba Mdogo aliinuka mezani akaacha chakula.

Leo kumi na saba. Damu natoa sikioni. Ananitazama kama nimemwibia.

Jumatano, 5 Machi

Nimefuta kodi. Humu karakana, kila anayekula kwenye meza ya kukatia hutoa tonge la kwanza kwa Meneja. Mama Mdogo ndiye aliyeanzisha, akaiita kodi ya meneja, na hata wateja wakikaribishwa chai hulipa. Leo nimesimama katikati ya karakana nikatangaza: kuanzia sasa hakuna.

"Dada," akasema Mkasi, mkata vitambaa wetu, "tangu lini serikali ikafuta kodi? Kuna jambo hapa."

Nikamwambia atakayempa chochote nitamshona mdomo kwa uzi wa ngozi. Baba Mdogo hakucheka. Alikoroga chai yake tu.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua. Kumi na tano. Chakula nakisaga mpaka kiwe kama gundi.

Jumamosi, 8 Machi

Jua! Wanaume wametoka na gari kupeleka makochi. Jioni nimepima: tisa. Nimepima tena nikidhani mashine imelewa. Tisa. Nilimpigia daktari simu nikiwa naruka.

Jumatatu, 10 Machi

Mvua tangu alfajiri. Ishirini na moja. Sielewi.

Jumatano, 12 Machi

Mvua. Ishirini na mbili. Daktari aliniuliza kwa sauti ya polisi, "Anakula nini kingine?"

"Hakuna."

"Una hakika?"

"Daktari, mimi ndiye ninayemlisha, mimi ndiye ninayemdunga, mimi ndiye ninayefagia kinyesi chake. Nina hakika."

Niliudhika. Watu wenye elimu wakikosa jibu hukuuliza wewe umekosea wapi.

Ijumaa, 14 Machi

Mawingu yamefunguka, gari limetoka. Kumi na moja.

Jumapili, 16 Machi

Nimekaa na vipimo vyangu mbele yangu na nimeona jambo. Siku za mvua sukari hupanda, siku za jua hushuka. Kila mara. Nilimweleza daktari, akasema hajawahi kusoma kitu kama hicho. Labda ni baridi, akasema, labda hatembei vya kutosha. Hakuonekana kujiamini.

Nikamweleza na Mkasi. "Basi mwanike juani pamoja na sponji," akasema.

Baba Mdogo alikuwa anasikia. Aliuliza, na hii ndiyo mara ya kwanza kuuliza chochote, "Hiyo ishirini na kitu, ni mbaya sana?"

"Mbaya, Baba."

"Lakini anatembea. Anakula."

"Hata Mama Mdogo alikuwa anatembea na kula."

Nilijuta neno lilipotoka. Akachukua nyundo akaenda nyuma.

Jumanne, 18 Machi

Inanyesha usiku na mchana. Gundi haikauki, vitambaa vinanuka uvundo, gari limekwama uani. Sote tumefungiwa ndani tukinywa chai na kununiana. Ishirini na tatu.

Jumatano, 19 Machi

Ishirini na nne. Anakunywa maji kama ng'ombe na amekojolea sponji ya mteja.

Alhamisi, 20 Machi

Kidonda cha shingo kimefunguka. Asubuhi niliona uzi mmoja umeachia na pembeni kuna usaha. Nilimfunga kwenye kanga, nikamkumbatia chini ya koti la mvua, nikaenda kwa daktari kwa miguu maana hakuna gari lililokubali kupita kwenye yale maji.

Daktari alikisafisha. Kisha akasema kidonda hakiponi kwenye damu yenye sukari kiasi hiki. Kikiingia vijidudu mpaka ndani, hatakuwa na la kufanya. "Sipendi kupandisha dawa bila kujua sababu," akasema. "Lakini siwezi kumwacha aoze." Ameitoa kwenye yuniti mbili ameipeleka tatu, asubuhi na jioni.

Niliporudi Baba Mdogo alikuwa amesimama mlangoni. "Kasemaje?" Nikamwambia. Akamtazama Meneja, akatazama kiatu chake, akasema, "Haya." Haya! Nilipanda ngazi nikiwa nimekasirika kiasi kwamba nilisahau kuvua koti, nikalowesha kitanda.

Jumamosi, 22 Machi

Kikulacho ki nguoni mwako.

Nilikuwa natafuta bobini ya cherehani iliyoviringika chini ya meza ya kukatia. Nikaona makombo ya biskuti. Mengine yamelowana, yamegandana, na yamenasa manyoya ya rangi ya majivu. Meneja ni wa rangi ya majivu. Meza ya kukatia ni ya Mkasi.

Sikungoja hasira itulie. Nilimwita mbele ya wote. Nilimwonyesha makombo kwenye kiganja, nikasema maneno ambayo hapa nayapunguza: kwamba paka anaoza shingo, kwamba natembea kwenye mafuriko, kwamba kumbe kuna mtu anakaa hapa akila biskuti zake na kuniona punguani.

Nilingoja mzaha. Mkasi hakufanya mzaha. Alimtazama Baba Mdogo, kisha akanitazama mimi. "Dada, mimi sijampa kitu."

"Basi makombo yametembea?"

"Sijui. Mimi sijampa."

"Sema Wallahi."

Akavua futi yake ya kupimia shingoni, akaikunja vizuri, akaiweka mezani. "Nimekata vitambaa hapa kabla wewe hujajua kuingiza uzi kwenye sindano. Siapi kwa ajili ya biskuti." Akatoka kwenye mvua bila mwavuli.

Baba Mdogo alipiga hatua kumfuata, akarudi. Nilidhani amekasirika na mimi kwa kumfukuzia fundi. Lakini mimi nilijua niko sawa. Naandika hapa ili nisije nikasahau: niko sawa.

Jumatatu, 24 Machi

Mkasi hakuja. Mvua. Kumi na tisa, hata bila Mkasi. Nimejiambia sukari haitoki mwilini kwa siku moja.

Jumanne, 25 Machi

Nitaandika yote.

Asubuhi kulikucha na jua, jua kali. Baba Mdogo alitakiwa kufunga viti vya ukumbi, kazi ambayo kwa kawaida huenda na Mkasi wakaimaliza upesi. Kwa vile Mkasi hayupo, ikabidi aende mwenyewe kutwa. Aliondoka mapema sana, akasimama mlangoni, akarudi ndani kama aliyesahau kitu, akatoka tena. Mimi nilimlisha Meneja, akala vizuri, nikamdunga zile tatu. Nikakaa kwenye cherehani. Nilikuwa na foronya za seti nzima za kumaliza na karakana ilikuwa kimya, hakuna nyundo, hakuna mzaha.

Karibu na adhuhuri nikainua kichwa. Kiti cha ofisini kilikuwa kitupu.

Nilimkuta kwenye vipande vya sponji. Kichwa kinayumba, macho yamekuwa meusi yote, miguu ya nyuma imelegea kama kitambaa kisicho na bitana. Nilimwita, hakugeuka. Nikatoboa sikio, damu haikutaka kutoka, nikakamua, nikapima. Moja nukta nane.

Nilikuwa nimezoea kuogopa namba kubwa. Sikujua kwamba namba ndogo inaweza kutisha hivi.

Daktari alipokea simu papo hapo. "Una asali?"

"Sina."

"Sukari basi, na maji ya uvuguvugu. Mpake kwenye fizi kwa kidole. Usimmiminie, atapaliwa. Mpake, usiache, halafu mlete!"

Sukari ya karakana huwa kwenye kabati la chai la Baba Mdogo. Nilivuta mlango ukang'oka bawaba. Kopo la sukari lilikuwa mbele. Nyuma yake palikuwa na kisosi cha Mama Mdogo, kile chenye ua la samawati. Ndani yake maziwa yamekauka, na makombo ya biskuti, na manyoya ya rangi ya majivu.

Sikuwa na nafasi ya kufikiri. Nikakoroga, nikampaka kwenye zile fizi zenye nyuzi. Alianza kutikisika mwili mzima, taya limekaza, nikasema, "Meneja, usinifanyie hivi, usinifanyie hivi." Nikaendelea kupaka. Kidole changu kilitoka damu sijui yake au yangu. Mtikisiko ukapungua. Akalamba. Mara moja, kisha mara nyingine.

Nikampigia Baba Mdogo nikiwa natafuta kapu.

"Baba, umekuwa ukimpa nini Meneja?"

Nyuma yake nilisikia watu wakiburuta viti.

"Kwani amekufa?"

"Nijibu kwanza!" Sijawahi kumpigia kelele baba yangu mdogo tangu nizaliwe.

"Biskuti," akasema. "Biskuti na chai ya maziwa. Kidogo tu, mwanangu. Tukiwa tumekaa."

Tukiwa tumekaa. Yaani siku za mvua.

Alitukuta kwa daktari, amekuja na gari la viti, vingine bado viko juu. Meneja alikuwa ameshawekewa dripu mguuni na anapumua sawasawa. Daktari alimgeukia Baba Mdogo. "Mzee," akasema, "ile dozi niliipima juu ya biskuti zako. Leo hukumpa biskuti, dozi ikamkuta hana kitu."

"Ningejua…"

"Ungesema, ningejua mimi."

Tuliachwa kwenye benchi la nje, kati ya mbuzi mwenye kwikwi na mwenye mbuzi. Nilikuwa nimejiandalia maneno makali. Baba Mdogo akaanza kabla yangu, akiongea na magoti yake.

"Mama yako mdogo siku zile hospitali aliniomba chai. Chai ya sukari, nusu kikombe. Nikamwambia daktari amekataza. Kesho yake akaniomba tena. Nikamwambia ukipona. Alikuwa amekauka midomo, ananitazama. Nilijiona mwanamume hodari, nimefuata masharti. Hakupona. Masharti yote yale, na hakupona, na chai hakunywa." Akafuta uso kwa shati. "Huyu Meneja akanijia kinywa kimeshonwa, akaweka mguu kwenye goti langu, akatazama kikombe. Nikasema hapana, huyu simnyimi. Na ulipotangaza ile sheria yako, nikasema huyu mtoto anaijua sheria, mimi najua kinachofuata."

Nilimdhania jiwe mwaka mzima. Nilikaa naye meza moja, nikamfulia nguo, nikampikia, na sikuona. Hasira yangu haikuisha, siwezi kudanganya. Ila ilikaa pembeni ikampisha huruma.

Jumatano, 26 Machi

Meneja amelala kwa daktari. Dozi imerudishwa yuniti moja. Mvua, na hakuna aliyekunywa chai.

Alhamisi, 27 Machi

Nimekwenda kwa Mkasi. Mkewe alinifungulia kwa uso mkavu, kama uliopikwa mara mbili, akaniacha nisimame. Mkasi alikuwa anakata kucha za mtoto.

"Kaka, nimekuja kuomba radhi."

"Ingia, utalowa."

Nikamweleza yote. Hakushangaa. Hapo ndipo nilipoelewa.

"Ulikuwa unajua," nikasema.

"Tangu wiki ya kwanza. Nilirudi kuchukua mkasi nikamkuta mzee amechuchumaa chini ya meza yangu anamlisha kwa kidole. Anamwambia, 'Kunywa, mama, kunywa.' Anamwambia paka, mama." Akapuliza kucha kwenye kiganja. "Dada, ningesemaje? Mtu mzima akiona mwenzake uchi hugeuza uso."

"Ulinyamaza hata nilipokutukana mbele ya watu."

"Nilingoja aseme mwenyewe."

Nikamwambia, na sijutii, kwamba heshima yake ilitaka kumuua Meneja kama huruma ya Baba Mdogo na kisirani changu vilivyotaka kumuua. Akafikiri. "Basi tumekoseana wote," akasema. "Kesho nitakuja. Lakini futi yangu isiguswe na mtu."

Jumatatu, 31 Machi

Meneja nyumbani. Kumi na mbili, na nje mvua kubwa. Kumi na mbili siku ya mvua! Kidonda kimekauka kingo. Mkasi amekata kitambaa kinyume kwa kumtazama paka, na kwa mara ya kwanza sikumgombeza mtu.

Alhamisi, 3 Aprili

Nane. Sita. Tano. Sasa nashindwa kulala kwa namba kushuka. Daktari amepunguza mpaka nusu yuniti. Anasema ndivyo ilivyotakiwa kuwa tangu siku ya meno, tumechelewa tu.

Baba Mdogo sasa hunywa chai nje, chini ya ukingo wa paa, mgongo ukilowa, ili Meneja asimwone. Meneja amegundua. Hupanda dirishani akaweka mguu kwenye kioo. Baba Mdogo hugeuka akatazama ukuta wa jirani mpaka kikombe kiishe.

Jumamosi, 12 Aprili

Daktari amesema tusimdunge kwa wiki moja tuone. Nimepima kila mara mpaka masikio yake yamekuwa kama chujio. Namba zimekaa.

Jumatatu, 21 Aprili

Tumempeleka Meneja kwa mara ya mwisho ya matibabu haya, mimi na Baba Mdogo. Yeye mwenyewe ndiye aliyelichukua kapu kabla sijainama.

Daktari alipapasa shingo, akafungua kinywa, akapima. Saba. "Nyuzi zimekwisha, fizi zimepona, na sindano basi," akasema. "Inaweza kurudi siku moja, kwa hiyo endeleeni kupima. Lakini leo huyu hana haja ya dawa." Nilimkumbatia daktari, pamoja na koti lake lenye kinyesi cha ng'ombe.

Baba Mdogo alikohoa. "Daktari. Na siku moja moja, sikukuu tuseme, biskuti kidogo tu? Maana alikuwa anaipenda sana. Ule utamu."

Daktari alitabasamu bila ubaya. "Mzee, paka hausikii utamu. Ulimi wake haukuumbwa hivyo. Alikuwa anafuata maziwa. Ungemwekea sukari, usingemwekea, kwake ni mamoja."

"Hausikii kabisa?"

"Hata chembe."

Baba Mdogo akaitikia kwa kichwa, akafunga kapu, akashukuru. Nje mvua ilikuwa imepungua, ni manyunyu. Tulitembea mpaka karibu na daraja ndipo akasimama. Nilidhani kapu limemlemea.

"Kwa hiyo niliyempa hakuusikia," akasema.

Alilihamishia kapu mkono wa pili.

"Na aliyekuwa anausikia, nilimnyima."

Nilikuwa na mengi ya kumwambia: kwamba daktari alikataza, kwamba alifanya alilopaswa, kwamba nusu kikombe kisingemrudisha. Yote ni kweli. Nilimshika kiwiko. Tulisimama hapo, watu wakitupita pembeni, mpaka aliponiambia, "Funika kapu, mwanangu, Meneja analowa." Nikaufungua mwavuli, tukaenda nyumbani.